LUKU inaisha, bomba linamwagika: kagua nyumba kabla ya kumgombeza mtoto

Mzazi anayelalamika kwamba watoto wake hawajali umeme wala maji, mfuate nyumbani kwake. Swichi ya chumba cha watoto utaikuta juu ya kimo cha mtoto wa darasa la pili. Koki ya bafuni haifungi mpaka ikazwe na mkono wa mtu mzima. Televisheni inaongea peke yake sebuleni kwa sababu baba alitoka kupokea simu na hakurudi. Katika nyumba kama hiyo mtoto anagombezwa kila siku, matumizi hayashuki, na baada ya muda hata anayegomba haamini tena anachosema.

Nimepanga matatizo kwa jinsi wazazi wanavyoyasema wenyewe, na chini ya kila moja nimeweka sababu ninazoanza kuzikagua. Bei na mita ni za Tanzania. Wa Mombasa au Bujumbura abadilishe namba tu.

Ila kwanza, kwa wiki moja usimwambie mtoto chochote. Kila jioni, saa ileile, someni salio la uniti kwenye mita ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na mtoto mwenyewe aliandike kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Aandike uniti, asiandike shilingi. Shilingi zinachanganya: tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humohumo kwenye LUKU, kwa hiyo ukinunua umeme mara ya kwanza katika mwezi unapata uniti pungufu, na mtoto anayehesabu pesa ataona jasho lake limeliwa na kitu asichokijua. Kwa maji, uniti moja ya mita ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Mnaonunua kwa dumu, hesabuni madumu. Bila wiki hii ya kusoma tu, hamtajua kilichobadilika ni kipi.

"Taa zinaachwa zinawaka, nimesema mpaka nimechoka"

Anza na kimo. Mwambie mtoto asimame chini ya kila swichi na kunyoosha mkono. Asipoifikia, hilo si suala la malezi, ni suala la kigoda. Zile anazozifikia na unazoruhusu azizime, zitie doa la rangi ya kucha. Zisizo na doa, ikiwemo ya friji na ya pampu ya maji, haziguswi, na soketi haichezewi kabisa, hasa kwa mikono yenye maji. Doa hilo linamaliza mabishano mengi, maana mtoto wa miaka mitano hasomi maandishi ila rangi anaijua.

Ukiona taa inayoachwa ni ileile kila usiku, kwa kawaida ya ukumbini au ya njia ya kwenda chooni, jua mtoto anaogopa giza na anaona haya kusema. Mwekee balbu ya LED ya wati 3 na uiache iwake. Kwa saa kumi kila usiku, mwezi mzima haifikishi uniti moja. Hiyo ni bei ndogo kuliko shuka la kufua kila asubuhi.

Sababu ya tatu ni kwamba kazi haina mwenyewe. "Zimeni taa jamani!" ni amri kwa watu watano, na watu watano kila mmoja anamngoja mwenzake. Teueni mfunga nyumba wa wiki: huyo ndiye anayepita vyumbani kabla ya kulala, na wiki yake ikiisha anakabidhi kwa mwingine. Baba na mama nao wana zamu.

Lakini niseme wazi, taa ndilo jambo tunalolipigia kelele kuliko ukubwa wake. Balbu ya LED ya wati 9 inahitaji zaidi ya saa 110 kumaliza uniti moja. Pasi ya wati 1,000 ikiwa inapata moto inaimaliza kwa saa moja. Bafu la maji moto la papo kwa papo lenye wati 4,500 linakula robo tatu ya uniti kwa dakika kumi. Mwizi mkubwa huenda anatumiwa na wewe.

"Watoto wanazima kila kitu, LUKU inaisha vilevile"

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na hapa ndipo pana mengi ya kukagua.

Kwenye mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa kadiri umeme unavyotumika. Pembeni yake pameandikwa ni mipepeso mingapi inayofanya uniti moja. Tuseme ni 1,000. Zima kila kitu nyumbani, acha pasi tu, na umpe mtoto saa ahesabu: ikiwa inapata moto utaona karibu mipepeso 17 kwa dakika. Chomoa pasi, washa televisheni ya wati 50: dakika nzima inaweza kupita bila hata mpepeso mmoja. Mtoto wa miaka minane akishaona hilo kwa macho yake, humfundishi tena habari ya wati. Kama mita yenu iko juu ya nguzo, tumieni kile kifaa cha kuingizia tokeni kilichomo ndani: andikeni salio kabla ya kupiga pasi na baada yake.

Kisha fanyeni jaribio la usiku. Kila kitu kimezimwa, friji tu imebaki. Andikeni salio mkienda kulala, andikeni tena mkiamka. Tofauti ikiwa kubwa, mshitakiwa mmeshampata. Mara nyingi ni mpira wa mlango wa friji: banisha karatasi mlangoni, ufunge, uivute. Ikitoka bila kukaza, baridi nayo inatoka hapohapo. Angalia pia kama friji imesukumwa mpaka imegusa ukuta, au imejaa barafu nene. Na ndiyo, kuna mtoto anayefungua friji na kusimama akiitazama kama anatazama katuni. Dawa yake ni jagi la maji ya kunywa mezani, maana mara nyingi alichofuata ni maji tu.

King'amuzi hukisahau kila mtu. Televisheni imezimwa kwa rimoti, king'amuzi kinaendelea usiku kucha. Kikiwa kinakula wati 10 mfululizo, mwezi ukiisha kimechukua uniti 7. Kizimwe kwenye soketi. Hiyo ni kazi nzuri ya mfunga nyumba aliye na umri wa kutosha.

Pasi ya kila asubuhi ni nyingine. Kila ikiwashwa inaanza kwa kupashwa upya kwa ajili ya shati moja. Sare za wiki nzima zipigwe pasi Jumapili jioni, na mtoto azipange kwenye hanga kwa siku. Atagundua mwenyewe kwamba sare iliyoanikwa ikiwa imekung'utwa na kunyooshwa inahitaji pasi kidogo mno.

Baada ya hapo angalieni bei mnayotozwa. Kwa bei zilizoanza kutumika 2016, mteja wa nyumbani aliye kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, ambazo pamoja na kodi na tozo zinafika kama 122, mradi matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Aliye T1, kundi la matumizi ya kawaida, hulipa 292, na kwa tozo ni kama 356. Karibu mara tatu! Uniti 75 kwa mwezi ni uniti mbili na nusu kwa siku. Kwa nyumba ndogo isiyo na bafu la umeme, hiyo ni shabaha ambayo watoto wanaweza kuifuatilia kwenye karatasi yao kila jioni. Kama mko T1 lakini mmekuwa chini ya 75 kwa miezi kadhaa, mzazi aende TANESCO, shirika la umeme, aulizie kuhamishwa kundi. Watoto wanaweza kuzima taa mpaka wachoke, hilo la kundi hawawezi kulibadilisha.

"Bomba linaachwa wazi"

Funga koki wewe mwenyewe kwa vidole viwili. Ukishindwa, mtoto hana kosa. Washa iliyokwisha (kile kimpira cha ndani ya koki) ni kazi ya fundi ya dakika chache, na kuichelewesha ni ghali: bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linakaribia kujaza ndoo ya lita 20 kwa siku. Mtegee mtoto ndoo hiyo chini ya bomba mkienda kulala, aione asubuhi.

Choo cha kuvuta huvuja kimyakimya. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi lake, msivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, maji yenu yanakwenda usiku na mchana bila mtu kugusa. Watoto wanaipenda sana hiyo, na wewe utaacha kuwalaumu kwa bili ambayo hawakuitengeneza.

Kwa kupiga mswaki, mpe kikombe chake. Bomba lililofunguliwa kawaida hutoa lita 6 hivi kwa dakika, kwa hiyo mswaki wa dakika mbili umemwaga lita 12 kwa kazi ya kikombe kimoja. Kwa kunawa mikono, mahali pasipo bomba tengenezeni kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lililotobolewa, kamba, na kijiti cha kukanyaga. Maji hutoka kidogo, mikono haigusi dumu, na kwa kuwa kuna cha kukanyaga mtoto atanawa hata bila kuambiwa. Wiki ya kwanza atanawa mara nyingi kupita kiasi. Mwache.

Nyumba zenye simtanki juu na pampu chini zina somo la ziada ambalo wazazi hawalitumii. Pampu ya hosipawa moja inakula robo tatu ya uniti kwa saa, au zaidi. Maji yanayomwagika bafuni yamepandishwa kwa LUKU, kwa hiyo kwenye karatasi yao maji na umeme viandikwe mstari mmoja.

"Walianza vizuri, wiki ya pili wameacha"

Muulize mtoto: pesa iliyookolewa iko wapi? Hajui, kwa sababu imepotelea kwenye matumizi ya nyumba. Mtu mzima anaweza kuishi na faida isiyoonekana. Mtoto hawezi.

Mwisho wa mwezi linganisheni uniti za mwezi huu na uliopita, mzidishe tofauti kwa bei yenu, na fungu mlilokubaliana liingie kwenye kibubu mbele yao, taslimu. Hata ikiwa elfu mbili. Waamue wao itafanya nini, bila wewe kuwaelekeza kwenye madaftari. Wakiamua ni chipsi mayai za familia nzima, basi ni chipsi mayai. Na mwezi ambao uniti zimepanda, kibubu hakipati kitu, na hakuna mahubiri.

Tofautisha hilo na kulipa kwa kila tendo. Ukianza na "zima taa nikupe mia," utafika siku mtoto amesimama mlangoni: "Baba, nikiizima hii utanipa ngapi?" Hapo umeshakuwa mteja wake. Ukishafika huko, futa malipo ya tendo mojamoja kwa siku moja, waeleze kwa nini, na uhamie kwenye kibubu cha mwezi.

Sababu nyingine ya kuacha: dada wa kazi hakushirikishwa. Mama na baba wanashinda kazini, anayeshinda na watoto, na kwenye koki na jiko, ni yeye. Kama yeye hana fungu kwenye kibubu wala hakukaa kwenye mazungumzo, kwake huu ni mzigo mwingine umeongezwa. Mpe fungu.

"Sasa amezidi: anamkemea hata mgeni"

Bibi yao amekuja kutoka Korogwe, ananawa uso, mjukuu kasimama nyuma yake: "Bibi, maji yanaisha!" Wengine hucheka. Usicheke, maana mtoto aliyeona amechekewa atarudia. Mwite pembeni: "Mwanangu, Bibi ni mgeni wetu na ni mkubwa. Kazi yako ni kumletea jagi na beseni, umnawishe." Amepewa cha kufanya, adabu imebaki, na maji yamepungua.

Kuna kuzidi kwa hatari zaidi. Mtoto anaacha kunawa mikono akitoka chooni, havuti maji, au anakunywa maji kidogo akiamini anasaidia. Ukiona hivyo simamisheni hesabu ya maji mara moja na umweleze yasiyobanwa: maji ya kunywa, kunawa mikono kwa sabuni, kusafisha choo, na taa ya kusomea. Chanzo chake karibu kila mara ni mzazi anayezungumza habari za bili kwa hofu mbele ya watoto. Mazungumzo ya madeni yafanyeni wakishalala.

"Chakula kinabaki sahanini"

Kabla ya kumlazimisha kumaliza, angalia nani aliyepakua na kwenye sahani ya ukubwa gani. Mtoto ajipakulie kidogo, akirudia ni sawa. Alichojipakulia mwenyewe anakimaliza. Angalia pia saa: biskuti na juisi ya saa kumi na moja ndiyo inayobakiza wali wa saa moja na nusu.

Kiporo ni akiba halali na chai yake haina mfano, lakini kina masharti. Wali usilale kwenye sufuria jikoni usiku kucha. Upoe, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na asubuhi upashwe mpaka utoe mvuke. Wasio na friji wapike kwa kipimo cha mlo mmoja. Hakuna akiba inayobaki ukishalipia dawa za tumbo.

"Ndoo ya maganda inanuka, nzi wamejaa"

Ndoo ya kuozeshea maganda yawe mbolea imejaa maji. Maganda ya ndizi, matikiti na mabaki ya mboga yana unyevu mwingi, na mtoto ameyarundika bila kitu kikavu. Kila akimwaga maganda, afunike kwa majani makavu au vumbi la mbao la kwa seremala, na ageuze kwa kijiti mara moja kwa wiki. Ndoo itobolewe chini. Nyama, samaki na mafuta visiingie, vinaita panya. Baada ya miezi mitatu hivi, kutegemea mlivyoigeuza, inafaa kuchanganywa na udongo kwenye kiroba cha mchicha. Mchicha unavunwa ndani ya mwezi mmoja tangu kusiwa, na ndiyo maana nauchagua: mtoto hana subira ya mwembe.

"Amejaza chupa tupu uani"

Ameambiwa chupa zinauzwa kwa kilo, naye anakusanya. Vizuri, ila chupa ya plastiki ni nyepesi mno na kilo inachukua muda, kwa hiyo rundo linakaa. Mvua ikinyesha, kila chupa iliyo wazi inakuwa nyumba ya mbu aina ya Aedes, wale wa mchana wenye madoadoa meupe wanaoeneza homa ya dengue. Dar es Salaam inawajua, ilishapata mlipuko 2014 na tena 2019. Chupa zimwagwe maji, zikanyagwe ziwe bapa, zifungwe kizibo, ziingie kwenye kiroba chenye kivuli. Ndoo na mapipa ya maji ya mvua nayo yafunikwe, kwa sababu ya mbu na pia kwa sababu ya mtoto mdogo anayejifunza kutembea. Chupa iliyokuwa na dawa ya panya au mafuta ya taa haiingii kwenye mkusanyiko kabisa.

Kuhusu mifuko: ile ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Juni 2019, lakini nyumba nyingi sasa zina rundo la mifuko mbadala inayonunuliwa upya kila safari ya dukani. Kapu litundikwe mlangoni, na anayetumwa dukani atoke nalo.

"Tunabana, lakini nyumba ni ya kupanga na LUKU ni moja"

Hili haliponywi kwa tabia njema. Mkichangia umeme kwa vichwa au kwa vyumba, uniti mlizookoa zinachomwa na jiko la umeme la mpangaji wa chumba cha nyuma, na mchango wenu haubadiliki. Mtoto ataona hivyo haraka kuliko wewe. Ongea na mwenye nyumba kuhusu mita ndogo za kila mpangaji, zinazofungwa na fundi anayejua kazi; ni gharama ya mara moja na huwa inamaliza pia ugomvi wa uani.

Ikishindikana, hamisheni hesabu kwenye kitu ambacho ni chenu peke yenu. Gesi inafaa. Siku mtungi mpya unapofungwa, mtoto abandike kipande cha plasta juu yake na kuandika tarehe. Ukiisha, mnahesabu siku. Kisha apewe kazi ya kuloweka maharage kila mnapoyapanga, jioni ya siku iliyotangulia, na ya kumkumbusha mpishi kufunika sufuria. Mtungi unaofuata utamwambia kama imesaidia.